Jiwe Halitazami Mara Mbili

Kusini ndiye aliyenipigia simu kuniambia kwamba mwalimu amekufa. "Mzee," alisema, "yule wa mawe amekwenda. Kesho tunamzika kwetu Busunzu. Mama amesema uje, na uvae viatu vya tope." Kusini ni dereva wa fuso, mtu mzima mwenye ndevu na watoto wake. Jina lake la ubatizo ni jingine kabisa, lakini Kibondo nzima, kuanzia sokoni hadi hospitali, sidhani kama kuna anayelijua, pengine hata padri aliyembatiza amelisahau. Hilo la Kusini alipewa akiwa mgongoni kwa mama yake, kabla hajaota jino, na aliyempa ni huyu huyu tuliyekuwa tunakwenda kumfukia. Watu wakipata habari za msiba hulia. Mimi nilicheka, nikacheka mpaka mke wangu akatoka jikoni na mwiko wake akidhani nimepatwa na kitu. Halafu nikaanza kutafuta viatu, na katika kutafuta viatu mwaka mzima ukanirudia, pamoja na harufu yake ya maharage.

Ulikuwa mwaka wa tisini na saba. Mimi nilikuwa fundi baiskeli, nimetoka Kasulu kwenda Kibondo kwa sababu Kibondo siku hizo, kwa wingi wa wakimbizi na magari ya misaada, ilikuwa imegeuka Ulaya. Baiskeli moja ilibeba baba, mama, gunia la mkaa na mbuzi aliyekaa kama abiria aliyelipa nauli, kwa hiyo fundi hakulala njaa. Mchana nilinyoosha ringi, na jioni nilikwenda kusoma. Masomo ya jioni yetu yalikuwa kwenye ghala la Bwana Sefu, mfanyabiashara ambaye babu zake walitoka pwani na ambaye tumbo lake lilifika dukani asubuhi, yeye mwenyewe akafuata baadaye. Ghala lilikuwa nyuma ya duka. Magunia ya maharage yalipanda mpaka mabati, na mchana wanawake walikaa humo wakichambua, mazima huku, yaliyooza kule. Sisi tulipoingia tulikuta vumbi lao bado linaelea hewani, tukasoma tukipiga chafya. Madawati hayakuwepo. Tulikalia magunia, na hata leo nikiona mtihani wowote, makalio yangu yanakumbuka maharage.

Mwalimu wetu wa jiografia aliitwa Salvatori. Alikuwa mrefu, mwenye shati lililopigwa pasi mpaka likawa na makali ya kukatia nyama, na alitembea na fimbo ya mkaratusi aliyoipa jina la Dira. Alituambia siku ya kwanza kwamba yeye ni mwenyeji wa Kakonko, Muha wa mbegu, na kwamba amefanya kazi kwenye meli ya utafiti iliyotoka Mombasa kupima sumaku ya sakafu ya bahari. Hilo la meli lilikuwa kweli. Juu ya magunia alikuwa ametundika kipande cha karatasi ya mashine ya melini, ndefu kama sanda, yenye mstari wa wino unaopanda na kushuka, unaopanda na kushuka. Kazi yake ilikuwa kuilinda kalamu iliyochora mstari ule isikwame. Kwa maelezo yake, bila yeye bahari isingekuwa na sakafu.

Lakini alijua kufundisha, jambo ambalo sitamnyang'anya hata kaburini. Chini ya bahari, katikati kabisa, alisema, kuna mgongo wa milima, mrefu kuliko barabara zote za Tanzania zikiunganishwa. Mgongo huo una ufa, na katika ufa hupanda uji wa mawe, wa moto kiasi kwamba jehanamu ingeomba maji ya kunywa. Ukigusa bahari hupoa ukawa mwamba. Sasa, ndani ya uji huo mna chembe za chuma, ndogo kuliko vumbi la ulezi, na kabla uji haujapoa kila chembe hugeukia kaskazini kama waumini wanavyogeukia kibla. Ukishapoa, basi, hazigeuki tena. Uji mwingine hupanda, huusukuma mwamba ule pande mbili, nusu huku, nusu kule, na bahari inazidi kupanuka. Halafu kuna nyakati, baada ya maelfu na maelfu ya miaka, sumaku ya dunia hujipindua. Dira ambayo ingeonyesha kaskazini ingeonyesha kusini. Mawe yanayozaliwa wakati huo hulala yakitazama upande wa pili. Kwa hiyo meli ikikokota kipimo cha sumaku nyuma yake, kama mtu anayekokota mbuzi mkaidi kwenda mnadani, inakuta huko chini milia. Mlia huu unatazama hivi, unaofuata unatazama vile, na milia ya kushoto ya ufa inafanana na ya kulia kama doti ya kanga kabla haijakatwa. Hivyo ndivyo walivyojua bahari ina umri, na kwamba ilianza kama ufa tu.

Bwana Sefu, ambaye alisikiliza kila somo kupitia mlango wa dukani huku akipima sukari, alipinga. "Mwalimu, mimi damu yangu ni ya Bagamoyo. Bahari naijua. Chini kuna mchanga na samaki."

"Wewe unaijua bahari ya sahani, Bwana Sefu," mwalimu alimjibu. "Ile yenye limau pembeni."

Tulicheka. Darasa lile lilikuwa la kucheka. Kicheko kilikuwa ndiyo ada ya kuingia, maana usipocheka wewe, unachekwa.

Na kwa kuwa hatukuwa na bahari, bahari tulikuwa sisi. Mwalimu alituingiza kati ya safu mbili za magunia, akatutoa wawili wawili hadi katikati ya ghala, kwenye mstari aliouchora kwa chaki na kuuita ufa. Akipaza sauti "Kaskazini", wawili wale wanatazama mlango wa dukani. Akisema "Kusini", wanatazama ukuta wa chooni. Kisha mmoja anasogea kushoto kwa ubavu, mwingine kulia, bila kugeuza shingo, ili wawili wengine wazaliwe. Mwisho wake ghala lilijaa milia ya watu wazima, baba za watu na mama za watu, baadhi wakitazama sukari na baadhi wakitazama choo. Aliyegeuza shingo, hata kwa ajili ya nzi, alionja Dira mgongoni. "Jiwe halitazami mara mbili," mwalimu alisema kila alipoishusha fimbo. "Mwamba ukipoa umepoa." Karani wa mahakama tuliyesoma naye, mtu aliyeogopwa na nusu ya wilaya, alichapwa kwa kupiga chafya kuelekea mashariki.

Aliyechapwa kuliko wote alikuwa Restituta. Huyu alikuwa mke wa mkulima wa Busunzu, mwembamba, mwenye sauti ya kunong'ona hata akikuita kutoka ng'ambo ya barabara. Siku za shule alilala kwa wifi yake mjini. Wazazi wake walikimbia kutoka Burundi miaka ya sabini naye akiwa mgongoni, akakulia kwetu, akaolewa kwetu, na sasa alikuwa na wake wa mgongoni. Alitaka kitu kimoja tu: cheti cha kidato cha nne, kwa sababu chuo cha uuguzi kilikuwa kimemwambia alete cheti aingie. Na ili akipate ilimlazimu asionekane sana. Mwaka ule ulikuwa mbaya kwa mtu wa asili ya ng'ambo kuonekana. Minong'ono ilikuwa sokoni, kanisani, kwenye foleni ya mashine ya kusaga, kwamba amri inakuja, kwamba kila mkimbizi anayeishi vijijini atapelekwa kambini, awe alikuja jana au alikuja kabla ya mabati.

Mwalimu Salvatori alimwona kama kunguru anavyoona kifaranga. Hakuwahi kumwita kwa jina. "Wewe wa ng'ambo, simama kwenye ufa, joto unalijua." Akifungua bakuli lake la sombe, yaani kisamvu, na ugali wa muhogo, mwalimu alichungulia ndani. "Mafuta hayo ya mawese kweli, au ya kopo la kambini? Sahani ya kambi hiyo, jamani, msile naye, mtahesabiwa." Tulicheka. Yeye alitafuna polepole, akitazama mbele. Siku moja alipojibu swali la milia vizuri kuliko sisi sote, mwalimu alimpigia makofi matatu ya kejeli akasema, "Safi. Siku watakapokuja kuchambua watu kama maharage, mimi mwenyewe nitawaonyesha jiwe hili limepoa wapi."

Shida yake kubwa ilikuwa mtoto. Restituta mwenyewe alikuwa mwamba kuliko miamba yote. Ungeweza kumwashia moto kisogoni na shingo yake isingesogea. Lakini mtoto mgongoni alikuwa mtoto. Mama akitazama kaskazini, yeye alipindua kichwa akatazama ukuta wa chooni, akiwachekea watu wa mlia mwingine. "Jiwe la mgongoni limegeuka," mwalimu alisema, na kwa kuwa mtoto hachapwi, alimchapa mama, miguuni, kwa utulivu, kama mtu anayekung'uta mkeka. "Huyu ni Kusini huyu. Dunia nzima inakwenda kaskazini, yeye kusini." Jina likashika siku hiyo hiyo. Restituta alikanda miundi yake kwa mate, akarudi kwenye mlia wake. Nilimuuliza tukitoka, "Dada, kwa nini usiache?" Akaninong'oneza, "Niache niende wapi? Mtihani ni Kasulu, si kwake."

Chumba changu kilikuwa nyuma ya duka, ukuta wa mabanzi ukinitenganisha na sebule ya Bwana Sefu, hivyo nilikula chakula changu na maneno yao. Jioni moja, migebuka ikikaangwa upande wa pili na mimi nikila harufu yake kwa ugali mkavu, nilimsikia akimwambia mkewe, "Mama Zaituni, huyu mwalimu anawachukia wakimbizi kupita kiasi. Muha wa kweli hana haja ya kusema ni Muha kutwa mara saba."

"Wewe umejuaje?"

"Mimi nimefanya biashara Ujiji. Anayeita mwizi kwa sauti kuliko wote, mkague mfuko."

"Nyamaza wewe, mpangaji anasikia."

"Mpangaji anakula. Mpe samaki mmoja asisikie." Na kweli, samaki aliletwa, nami nikawa sijasikia.

Amri ilikuja mwezi wa mtihani. Gari lenye kipaza sauti lilipita likituita wote uwanja wa mpira, wa mjini na wa vijiji vya jirani. Tulipofika malori yalikuwa yamepangwa goli la magharibi. Afisa mmoja alikaa kwenye meza katikati ya uwanja. Hakuwa mtu mkali, alikuwa na mafua, na kila uamuzi aliutanguliza kwa kupenga. Utaratibu ulikuwa mwepesi. Ukitiliwa shaka, unatafuta wenyeji watatu wanyooshe mikono na kukudhamini. Wakipatikana, unavuka kwenda kusimama mstari wa upande wa soko, ukitazama soko, na kuanzia hapo wewe ni mwenyeji na mkono wako unaweza kumdhamini mwingine. Wasipopatikana, unasimama ukitazama malori. Mistari ikarefuka, huu ukitazama huku, ule ukitazama kule. Karani wa mahakama alinigusa ubavu. Milia ile ile.

Mwalimu Salvatori alikuwepo mapema kuliko wote, shati lake likimeta, Dira kwapani, amesimama nyuma ya meza kama mwenye mkutano. Alikuwa amejitolea kusaidia. Restituta alipofika mezani ni mwalimu aliyemwinamia afisa sikioni. Afisa akapenga. "Mama, wewe ni wa ng'ambo?" Kabla Restituta hajafungua mdomo, mama mkwe wake, kikongwe mwenye kiko, alipita watu wote akasimama mbele ya meza. "Huyu amezaa kwangu," alisema. "Mkimchukua, na mimi nipandisheni. Mbuzi wangu mpandisheni. Na kaburi la mume wangu mlichimbue mlipakie, maana huyu ndiye anayelilimia majani." Nyuma yake wanaume wawili wa Busunzu walikuwa wamekwisha kunyoosha mikono. Afisa alipenga kwa muda mrefu kidogo, akaonyesha soko kwa kidole. Restituta akavuka, akasimama, akatazama soko.

Ndipo kijana mmoja aliyekuwa akiandika pale mezani akainua macho, mtu mpole tu, kwa nia njema kabisa. "Mwalimu, nimesikia wewe ni wa Kakonko. Mimi pia. Ninyi ni wa kwa nani?"

Mwalimu akataja mahali.

"Aa, pale. Babu yako kazikwa shamba la nani pale? Maana pale ni kwetu."

Nimesikia kimya kingi maishani, cha kanisani na cha wadaiwa, lakini kimya kile ungeweza kukipakia kwenye fuso. Mwalimu alihamisha Dira kutoka kwapa hili kwenda lile. Watu waliokuwa karibu naye wakarudi nyuma nusu hatua, kama maji yanavyoacha jiwe. Afisa hakukasirika. Alipenga, akasema, "Watatu, mwalimu. Tafuta watatu."

Bwana Sefu alinyoosha mkono, na tumbo lake likanyooka pamoja nao. Mimi nikanyoosha wa kwangu, mkono mweusi kwa grisi, nikauweka juu mpaka ukafa ganzi. Wa tatu hakuonekana. Karani wa mahakama alikuwa amegundua kitu cha kuvutia sana kwenye kiatu chake. Darasa zima lilisoma nyasi. Mwalimu alitutazama mmoja mmoja, na mwisho macho yake yakafika mstari wa soko.

"Restituta," alisema. Lilikuwa jina zuri, sikuwahi kulisikia kinywani mwake. "Restituta, dada yangu. Nyoosha mkono tu." Kisha akasema kitu kingine kwa Kirundi, polepole, kama mtu anayetoa nguo aliyoificha sandukuni tangu utotoni, na kila mtu wa Busunzu akainamisha kichwa kwa aibu ya kumsikia akiomba. Kiha na Kirundi ni ndugu, tulimwelewa sote: alimwita mtoto wa mama yake.

Restituta hakugeuka. Aliyegeuka alikuwa mtoto. Kusini alipindua shingo pale mgongoni, akamtazama mwalimu, akamchekea kwa jino lake moja jipya. Na Restituta, akitazama soko, akasema kwa sauti ambayo kwa mara ya kwanza uwanja wote uliisikia, "Jiwe halitazami mara mbili, mwalimu."

Wakampandisha kwenye lori. Dira ilibaki kwenye nyasi, watoto wakaifanya goli.

Mtihani tulifanyia Kasulu, kwenye madawati halisi, na swali la milia ya sumaku lilikuwemo, nawaapia, limelala pale likitungoja kama sahani ya pilau. Tulilijibu sote, hata karani. Restituta alimaliza mapema, akaweka kalamu, akatazama mbele. Cheti alikipata, na chuo kikampokea. Ile karatasi ya meli Bwana Sefu aliitumia kufungia sukari, robo robo, na kwa majuma kadhaa Kibondo ilikunywa chai na sakafu ya Bahari ya Hindi.

Sasa juzi, Busunzu, tulikaa chini ya turubai la msiba mimi na Restituta tukila ugali wa muhogo na maharage. Anakaribia kustaafu uuguzi. Bado ananong'ona. Nilijua kwamba miaka ile baada ya chuo alipangiwa zahanati ya kambini, lakini sikuwahi kumuuliza.

"Mwalimu alikuja?" niliuliza.

"Kila mwezi. Presha."

"Ukamfanyaje?"

"Nilimpa dawa zake zote, sikumpunja kidonge." Akamega ugali. "Mwisho wa foleni."

"Kila mwezi?"

"Kila mwezi. Siku ambayo foleni haikuwa na mtu, nilimwambia asubiri watu waje."

Nilicheka, mtu wa mbele yetu akageuka kutukemea. Restituta hakucheka. Akaniambia jinsi mwalimu alivyopata uraia mwishoni, mzee, peke yake, akaja Busunzu kuomba kipande cha kujenga chini ya shamba lao, kwa sababu hapakuwa na mahali pengine duniani penye mtu anayejua jina lake. Mume wake alikataa. Restituta ndiye aliyesema apewe. "Ulimsamehe," nilisema. Alitazama mbele kama alivyotazama siku zile za bakuli la sombe. "Nilitaka asubuhi nikifungua dirisha nimwone akichota maji," alisema, "naye anione nikimwona."

Tulitelemka kaburini matope yakituvuta viatu. Kusini alikuwa ndani ya shimo mpaka kifuani, chepe mkononi. Katekista alikuwa tayari na kitabu, jeneza likiwa juu ya kamba, na hapo ndipo ilipogundulika kwamba hakuna anayejua. Kila ukoo pale una namna yake ya kumlaza mtu wake, na mtu huyu hakuwa na ukoo wa kuulizwa. "Mama," Kusini alisema kutoka chini, "huyu tunamlaza akitazama wapi? Kwao wanalazaje?" Watu wote wakamtazama Restituta. Magharibi, ng'ambo ya mabonde, vilima vya Burundi vilikuwa vimetoka kwenye mawingu baada ya mvua, vya bluu, karibu hata ungedhani utasikia mbwa wa kule.

Restituta alikung'uta tope kwenye kiatu. "Alituambia yeye ni wa Kakonko," alisema. "Mlazeni atazame Kakonko."

"Mama Kusini," nilimnong'oneza, nikionyesha vile vilima kwa kidevu, "kwao ni kule."

"Najua," alisema. "Na yeye alijua."

Wakamgeuza. Kamba zikalia, jeneza likashuka likielekea kaskazini, na udongo ukaanza. Kusini alipanda kutoka shimoni akipangusa mikono, akafuata kidevu changu, akapindua shingo kutazama vilima vya magharibi kama alivyopindua shingo maisha yake yote. Mama yake akanyoosha mkono, akamshika shavu lenye ndevu, akamrudisha mbele.